Msiishie Bustanini

Wanangu, naona maneno ya Mtakatifu Agostino yanavyozunguka kwenye simu zenu, mstari mmoja juu ya picha ya machweo, na msomaji anajiona ameshiba. Mengine wala si yake. Yaliyo yake nayo yamekatwa pale yanapoanza kuuma.

Kisa chake mnakijua nusu. Mwafrika mwenzetu, mzaliwa wa Thagaste, Algeria ya leo, mwaka 354. Msomi, aliishi na mwanamke bila ndoa wakapata mtoto, na mama yake Monika akamlilia Mungu miaka mingi. Mwaka 386 akaongoka katika bustani huko Milano, na Pasaka iliyofuata Askofu Ambrosi akambatiza. Hapo mnafunga kitabu mkishangilia, na hapo ndipo ninapowaonya.

Kitabu hicho, Maungamo yake, kina vitabu 13 ndani, na bustani imo katika cha 8. Nendeni cha 10. Anayesema humo ni askofu wa Hippo, miaka kama kumi baada ya ubatizo, naye anakiri kwamba ndoto za ujanani bado humjia usingizini, kwamba mlo humvuta kupita haja ya mwili, kwamba sifa za watu humpendeza kuliko inavyofaa. Hata mjusi akidaka nzi humteka macho akaacha tafakari yake. Askofu huyo!

Kijana aliyeokoka juzi mkutanoni, kisha tamaa ileile ikamrudia, hudhani wokovu wake ulikuwa wa uongo. Nimeona wengi wakilikimbia kanisa kwa aibu hiyo. Hao cha 10 kingewafaa kuliko cha 8. Na mwaka 430, jeshi la Wavandali likiwa limeuzingira mji wake, mzee huyu alikufa akisoma zaburi za toba alizoagiza zibandikwe ukutani.

Lakini msimfanye Biblia ya pili. Yeye mwenyewe uzeeni alivipitia vitabu vyake akaandika kingine cha kuvisahihisha. Tena lipo nisilomkubalia: aliridhia nguvu za dola zitumike kuwarudisha kanisani Wadonati, Wakristo waliokuwa wamejitenga. Msikilizeni kama mnavyotusikiliza sisi wazee, ila kwa subira zaidi kidogo.

Tafuteni kitabu kizima, msome wawili wawili, kwa sauti, kurasa chache kila jioni. Mkifika cha 11, anapohoji wakati ni kitu gani, mtachoka. Kirukeni, mtakirudia mkifika umri wangu.