Ramadhani, siku ya 18: Injini iliyooshwa



Ndugu zangu, mama zangu na vijana wetu wa msikitini, leo nitazungumza juu ya kuosha injini ya gari. Najua yupo atakayesema sheikh kaacha tafsiri kaingia gereji. Nisomeni mpaka mwisho, tafsiri imo humu humu.

Sababu ni hii. Siku chache nyuma, baada ya Tarawehe, walinijia watu wawili, mmoja muuzaji wa gari na mwingine mnunuzi. Wote wawili wameniruhusu niandike bila ya majina. Mnunuzi ni kijana, alikusanya pesa zake kidogo kidogo ili gari liwe teksi. Siku ya kuuziana alifunua boneti akaona injini inang'aa kama sufuria mpya, akalipa. Wiki ya pili giaboksi ikaanza kuteleza, gia zinachelewa kuingia, na kila asubuhi chini ya gari pana doa jekundu. Fundi akamwambia, hii imevuja muda mrefu, ila walipoiosha alama zote zikaondoka. Muuzaji alipopewa nafasi hakupiga kelele. Alisema kwa upole kabisa: "Sheikh, mimi nimeosha gari tu. Tangu lini kuosha gari kumekuwa haramu?"

Ni swali zuri, na halijibiwi kwa neno moja.

Kuosha injini kwa asili yake ni jambo jema. Muulize fundi yeyote mzuri, atakwambia hapendi kufanya kazi kwenye injini chafu. Lakini jiulize kwanza ule uchafu unatoka wapi. Vumbi kavu peke yake halikai sana, upepo hulipeperusha. Linaloganda ni vumbi lililokuta mafuta. Basi ukiona pahala pamejenga ganda jeusi nene, ujue hapo oili imepita, na pengine bado inapita. Ganda lile ni baya, linazuia chuma kupoa vizuri, na linaficha nati na nyaya zilizochakaa. Lakini pia ni shahidi. Linasema: tazama hapa.

Kwa hiyo fundi mwenye akili kabla ya kuosha anatazama. Ganda limeanzia wapi, limeshuka mpaka wapi. Kisha ndio anaanza kazi. Anaiacha injini ipoe, maana maji baridi juu ya chuma kilichotoka safari yanaweza kukipasua. Anatoa waya wa hasi wa betri. Anafunika kwa nailoni altaneta, boksi la fyuzi, kompyuta ya gari na mdomo unaovuta hewa. Anahakikisha mfuniko wa oili na kijiti cha kupimia vimekaa sawasawa. Ganda nene anaparua kwa kipande cha mti, halafu anapaka dawa ya kuondolea grisi, anaiacha dakika chache bila kukauka, anasugua kwa brashi, na zile pembe nyembamba kwa mswaki wa zamani. Mwisho anasuuza kwa maji ya taratibu. Wale vijana wa mashine ya presha, naomba mnisikie: maji ya nguvu yakipigwa kwa karibu yanaingia kwenye soketi za nyaya na kupita kwenye sili, gari la mwenzako lililokuja linatembea linaondoka linavutwa. Na petroli si ya kuoshea. Mvuke wake unahitaji cheche moja tu.

Giaboksi inataka subira zaidi kwa sababu iko chini. Gari linyanyuliwe na likalishwe kwenye stendi, jeki peke yake isiaminiwe hata dakika moja. Kabla ya kufungua nati ya kujazia oili, safisha pembeni yake vizuri, kwani punje za mchanga zikidondoka ndani zinasaga gia na beringi. Na kuna kitu kidogo wengi hawakijui: giaboksi ina tundu la kupumulia. Oili ikipata moto, hewa ya ndani inatanuka na kutokea pale. Tundu likizibwa na tope na grisi, hewa haina njia, inasukuma, na mwisho oili inatafuta mlango kwenye sili. Fundi asiyejua atabadilisha sili, na baada ya muda itavuja tena. Sili haikuwa na kosa.

Sasa sikilizeni hapa. Kazi ya kuosha haijaisha injini ilipong'aa. Ndiyo kwanza inaanza. Injini ikishakauka inawashwa, gari linatembezwa kidogo, kisha linarudishwa na kumulikwa kwa tochi. Juu ya chuma kisafi, hata tone dogo linaonekana. Na hutazami pale palipolowa zaidi chini, kwa sababu oili hushuka, na upepo wa mwendo huisukuma nyuma. Unatafuta sehemu ya juu kabisa yenye unyevu. Hapo ndipo penye tatizo: gasketi ya kifuniko cha juu, sili ya mbele, sampu, au pale injini inapokutana na giaboksi. Usiku unatandika boksi la karatasi chini, asubuhi unasoma. Magari mengi ya otomatiki hutumia mafuta mekundu ya giaboksi, na oili ya injini iliyotumika huwa ya kahawia au nyeusi. Gari lenyewe linakwambia linaumwa wapi.

Basi kuosha kuko kwa aina mbili, na kwa macho zinafanana kabisa. Maji ni yale yale, sabuni ile ile. Mmoja anaosha ili uvujaji uonekane. Mwingine anaosha ili usionekane.

Nilimuuliza yule ndugu: ulipopeleka gari kuoshwa, ulikuwa unajua kwamba linavuja? Akanyamaza. Kisha akasema, "Lakini hakuniuliza."

Hapa ndipo dini yetu ilipotangulia zamani sana, kabla ya magari. Watu walikuwa wakitaka kuuza ngamia au mbuzi wanaacha kumkamua siku kadhaa, kiwele kinajaa, mnunuzi anadhani ni mnyama wa maziwa mengi. Mtume (s.a.w.) akakataza, na katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim akampa mnunuzi hiari baada ya kumkamua: akiridhika abaki naye, asiporidhika amrudishe pamoja na pishi moja ya tende. Angalieni, yule muuzaji hakusema uongo kwa ulimi. Hakutamka neno. Kiwele ndicho kilichosema uongo kwa niaba yake. Na injini iliyooshwa siku moja kabla ya mnunuzi kufika, na mwenyewe anajua inavuja, ni kiwele kilichojazwa.

Na mnaijua hadithi ya rundo la chakula sokoni. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono wake ndani akakuta unyevu. Mwenye chakula akasema ni mvua. Akaambiwa kwa nini asiuweke juu watu wauone, kisha likaja lile neno zito, kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Mvua haikuwa kosa la yule mtu. Kosa lilikuwa kuweka kikavu juu.

Kwa hiyo "hakuniuliza" si hoja. Aibu ya bidhaa unayoijua ni wajibu wako kuisema, hata usipoulizwa. Na ile kauli yetu ya "nakuuzia kama lilivyo" haimuokoi mtu aliyejua aibu akaificha. Mnunuzi akiigundua ana haki ya kurudisha na kupewa fedha yake, na asikawie, maana fuqahaa wetu wa madhehebu ya Imam Shafi wanataka arudishe pale pale anapojua, si aendelee kubebea abiria miezi mitatu halafu ndio aje.

Alhamdulillah, wale wawili wamemalizana. Gari limerudi, fedha zinarudi kwa mafungu mawili. Yule ndugu muuzaji, Allah amlipe kheri, alikubali mbele yetu, na si jambo jepesi. Na kijana nilimwambia lake: gari halinunuliwi kwa boneti. Nenda na fundi wako, na ukikuta injini inang'aa sana, omba ulitembeze nusu saa kisha mulika chini. Muuzaji mkweli hatakasirika.

Nimeandika haya leo kwa sababu Idi inakaribia. Watu wengi wanauza gari, pikipiki, simu, na kila kitu kinapigwa dawa kwanza. Osha, hakuna ubaya. Lakini mwambie mwenzako: nimeiosha, na inavuja hapa. Bei itashuka, ndiyo. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka hufutwa. Hiyo bei iliyoshuka ndiyo ya kulishia watoto.

Sasa tafsiri niliyowaahidi. Katika Suratul Mutaffifin, aya ya 14, Allah anawataja watu ambao yale waliyokuwa wakiyachuma yamefunika nyoyo zao kama kutu. Na sura hiyo inaanza na nini? Na wanaopunja watu katika vipimo. Inaanza sokoni, kisha ndio inafika moyoni. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mja akitenda dhambi hutiwa doa jeusi moyoni, akiacha na kuomba msamaha na kutubia moyo husafishwa, na akirudia doa huongezeka mpaka likaufunika.

Sisi tuko siku ya 18. Tumefunga, tumesoma, istighfari tunavuta kwa tasbihi mia mia. Hiyo ni dawa na maji. Lakini nani ametoka na tochi akatazama? Mwezi huu umesafishwa, tone linaonekana kirahisi kuliko mwezi mwingine wowote. Je, ni ulimi? Ni deni unalomkwepa mwenyewe? Na usikimbilie palipolowa chini. Mtu anasema tatizo langu hasira, nyumbani napiga kelele kabla ya futari. Panda juu kidogo. Pengine una jambo limekubana miezi, hujamwambia mke wala ndugu wala hujamlilia Mola wako usiku. Tundu la kupumulia limeziba, ndio maana unavujia kwa watoto. Watoto hawana kosa.

Masuala mawili ya mafundi wetu, yameulizwa sana. Oili na grisi si najisi, ukisali nazo kwenye nguo sala inasihi, ingawa kuwa na kanzu ya sala pale gereji ni bora. Lakini kwenye viungo vya udhu, grisi iliyoganda yenye unene inazuia maji, lazima iondolewe, hasa kwenye vidole na kucha. Ikibaki rangi tu iliyoingia kwenye ngozi haidhuru. La pili, kunyonya petroli kwa mpira mdomoni ukiwa umefunga: acha. Ikipita kooni ni wewe uliyeiingiza mdomoni. Tumia pampu ya mkono. Harufu yake peke yake haifunguzi.

Na yale maji meusi ya kuoshea, msiyaelekeze kwenye mtaro unaopita mbele ya nyumba za watu. Yakusanyeni kwenye beseni au ndoo, jirani ana haki.

Waliouliza kuhusu Zakatul Fitri na kiwango cha pishi kwa mchele, tutaandika kesho in shaa Allah.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.