Aliyeunda Si Lazima Ajue

Binti mmoja alisimama katika mjadala wa filamu niliohudhuria karibuni, akaanza kueleza kwa nini anaamini kwamba Rick Deckard wa Blade Runner ni binadamu. Hakufika hata katikati. Bwana mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, akainua simu: "Mwanangu, usijichoshe. Mwongozaji mwenyewe alishasema Deckard ni replikanti. Tuendelee na mengine." Ukumbi ukacheka, binti akakaa. Anayepingwa hupewa hoja akaijibu. Huyu alizibwa mdomo, tena kwa jina la mtu ambaye hata ukumbini hakuwemo.

Swali la Deckard ni la utata, na utata wenyewe sitauchambua kwa urefu. Tuseme ni pale kazi ya sanaa inapobeba maana mbili zisizopatana, kila moja ikiwa na ushahidi wake. Yatosha.

Ushahidi wenyewe huu hapa. Katika filamu ya Ridley Scott ya 1982, Deckard anawasaka replikanti, watu wa kutengenezwa waliopewa miaka minne tu ya kuishi. Mwishoni, akitoroka na Rachael, replikanti anayempenda, anaokota nje ya mlango wake farasi mdogo mwenye pembe moja, aliyekunjwa kwa karatasi ya kung'aa. Ni kazi ya mikono ya Gaff, askari mwenzake. Katika toleo la 1992 Deckard huyo huyo anamwota farasi mwenye pembe moja akikimbia msituni. Gaff aliijuaje ndoto ya mwenzake? Labda ilipandikizwa, na Deckard naye ametoka kiwandani. Au Gaff anasema tu: nilifika hapa, nikamwona Rachael, nikamwacha hai.

Sasa nije kwenye ile hoja ya "mwenye kazi keshasema". Mwenye kazi ni nani? Scott alitamka mwaka 2000 kwamba Deckard ni replikanti. Harrison Ford, aliyemwigiza, kwa miaka mingi alishikilia kwamba ni binadamu, kwa kuwa watazamaji walihitaji mtu mmoja wa kusimama upande wake. Hampton Fancher, mmoja wa waandishi wa filamu, alipenda swali libaki swali. Philip K. Dick, ambaye riwaya yake ya 1968 ndiyo chimbuko la yote, alifariki Machi 1982, miezi michache kabla filamu haijaonyeshwa. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Ukiniambia nimsikilize mwenye kazi, nionyeshe kwanza yupi, na kwa nini huyo na si mwenziwe.

Halafu, kazi ipi? Filamu iliyoingia kumbini mwaka 1982 haikuwa na ndoto ya farasi. Ilikuwa na sauti ya Deckard akisimulia, na mwisho wa furaha ambapo wapenzi wawili wanapita milimani kwenye kijani kibichi. Baadhi ya picha hizo za milima zilikuwa mabaki ya zile zilizopigwa kwa ajili ya The Shining ya Stanley Kubrick. Walioamua hivyo ni wenye fedha. Ndoto ikaingia 1992, kisha 2007 likaja toleo ambalo Scott aliliita la mwisho. Mtazamaji wa 1982 aliyetoka ukumbini akiamini Deckard ni mtu, je, alikosea kwa kutoona kitu ambacho hakikuwepo kwenye kiwambo? Hoja inayomtia hatiani kwa kauli iliyotolewa miaka 18 baadaye ina kasoro kubwa, hata ikisemwa kwa sauti ya upole.

Lakini kinachonikera zaidi ni kwamba anayeleta hoja hii kwenye filamu hii hajaitazama. Yumo humo ndani muundaji anayeamini kwamba kwa kuwa ameunda, basi anamiliki na anajua. Anaitwa Eldon Tyrell. Amempandikizia Rachael kumbukumbu za mpwa wake, na anazungumza juu yake kama fundi anayesifia saa aliyoitengeneza. Kisha Roy Batty, kiumbe wake mwenyewe, anapanda hadi chumbani kwake kudai maisha zaidi, anajibiwa haiwezekani, na anamuua kwa mikono yake.

Wapo wanaosema utata mwingine ni uzembe wa mwandishi tu; kweli, upo. Wapo wanaosema si kila tafsiri ina uzito sawa. Hilo nalo silipingi; uzito upimwe kwa ushahidi, si kwa jina la muundaji.

Kuhusu Deckard, ushahidi ninaoupenda mimi ni picha, ingawa hauthibitishi lolote. Replikanti Leon anahatarisha maisha kwa ajili ya picha alizoziacha chumbani. Rachael anamletea Deckard picha yake ya utotoni akiwa na mama, kama mtu anayewasilisha cheti cha kuzaliwa. Deckard akiitazama, kwa nukta moja tu kivuli kinacheza usoni mwa picha hiyo, kana kwamba upepo umepita mle ndani. Na juu ya piano ya Deckard zimejaa picha kuukuu za watu ambao hatuambiwi ni nani. Hakuna anayezihoji. Picha za Rachael ni kielelezo cha kesi. Za Deckard ni pambo la nyumba. Rachael anapomuuliza kama yeye mwenyewe aliwahi kufanyiwa kipimo cha kutambua replikanti, kimya kinajibu: Deckard ameshalala.

Blade Runner 2049, aliyoiongoza Denis Villeneuve mwaka 2017, ingeweza kumaliza ubishi. Haikufanya hivyo. Deckard amezeeka, ana mbwa, na akiulizwa kama mbwa huyo ni wa kweli, anasema aulizwe mbwa mwenyewe. Kumbe Rachael alizaa naye mtoto. Hapo swali linageuka zito: Deckard akiwa binadamu, mtoto huyo amevunja ukuta kati ya jamii mbili; akiwa replikanti, basi walioundwa wanaweza kuzaana bila kumhitaji binadamu yeyote. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa. Na wakati huo huo K, mhusika mkuu wa filamu hiyo, ambaye tangu mwanzo tunajua ni replikanti, analala kwenye ngazi zenye theluji baada ya kumpeleka Deckard kwa binti yake, na huruma yetu kwake haipungui hata chembe.

Kama kwa K jibu halikubadili huruma yetu, kwa nini kwa Deckard nalitetea swali kwa nguvu hivi? Maana kila ninapoirudia filamu, kimoyomoyo nachagua upande, na bila kuchagua siwezi kuifuata hadi mwisho. Huo ni uhuru wa mtazamaji, au ni ubabe ule ule wa Tyrell, safari hii ukiwa mikononi mwangu?