Nchi Iliyotulia Mbele ya Kamera

Katikati ya miaka ya 1930, serikali ya Marekani ilimpa kazi ya uchoraji mzee aliyekwisha kupita miaka 90. Wizara inayosimamia ardhi na hifadhi za taifa ilitaka michoro mikubwa ya ukutani, ikionyesha misafara ya upimaji iliyovuka milima ya magharibi katika miaka ya 1870. Mzee huyo, William Henry Jackson, alikuwamo katika misafara hiyo, tena kama mpigapicha. Maelfu ya picha zake yalikuwa yamehifadhiwa. Angeweza kufungua sanduku na kusema: hivi ndivyo ilivyokuwa. Badala yake akashika brashi. Kwa nini?

Wazee hupenda kukumbuka, ndiyo. Jibu hilo halinitoshi.

Jackson alizaliwa mwaka 1843 katika jimbo la New York. Mama yake alikuwa mchoraji wa rangi za maji, na mikononi mwake kijana alijifunza kuchora. Alipoingia studio ya picha alianza kwa kurekebisha sura za wateja na kuzipaka rangi. Kamera aliishika baadaye. Akaenda vitani, akarudi, akachumbia, uchumba ukavunjika, na mwaka 1866 akaondoka kwenda magharibi kuswaga ng'ombe wa mikokoteni ya mizigo kwenye njia ya Oregon. Hakuwa na kamera. Alikuwa na daftari na penseli, na aliyoyaona katika miezi ile yalimwandama mpaka uzeeni.

Mwaka uliofuata alifungua studio Omaha. Mwaka 1869 alipiga picha kando ya reli mpya iliyounganisha pande mbili za nchi, na mwaka 1871 Ferdinand Hayden, aliyeongoza upimaji wa serikali, akamchukua kwenda Yellowstone.

Upigaji picha wa siku hizo ulimtoa mtu jasho. Unachukua kioo kisafi, unakimwagia kolodioni, unakiinamisha huku na huku mpaka ienee sawasawa. Ndani ya hema la giza unakizamisha katika maji ya nitreti ya fedha. Kikiwa bado kibichi unakipeleka mbio kwenye kamera, unafungua lenzi kwa sekunde kadhaa, unarudi hemani kukisafisha kabla hakijakauka. Kikikauka, kazi yote imekwenda bure. Baghala aliyebeba vifaa hivyo aliitwa Hypo, jina la dawa inayoizuia picha isififie, na sidhani kuna mnyama aliyestahili jina lake kuliko huyo. Kwenye ngazi za chokaa za Mammoth, humo Yellowstone, Jackson aliosha vioo vyake kwa maji ya moto yaliyokuwa yakibubujika kutoka ardhini, akaona vinakauka upesi kuliko kawaida. Nchi aliyokuja kuipiga picha ikawa inamsaidia kuzisafisha.

Majira ya baridi yaliyofuata, Hayden alizionyesha picha hizo kwa wabunge, pamoja na michoro ya Thomas Moran, mchoraji aliyekuwa naye safarini. Habari za chemchemi zinazoruka angani zilikuwa zimesikika kwa miaka mingi na kuonekana porojo za wawindaji. Sasa zilikuwa mezani. Tarehe 1 Machi 1872 Rais Ulysses Grant alitia saini sheria iliyoifanya Yellowstone kuwa hifadhi ya taifa. Mapema mwaka huohuo Mollie, mke wa Jackson, alifariki kwa uzazi, na mtoto naye hakuishi. Majira ya joto mjane huyo alikuwa tena safarini, kwenye milima ya Teton. Uzitazame picha za huko upendavyo, huuoni msiba.

Kamera ya Jackson ilishika kilichotulia. Mlima ulitulia, mwamba ulitulia. Maji yaliyoruka yaligeuka ukungu mweupe, tawi lililopepea likawa doa, na mtu aliyepita mbele ya lenzi bila kusimama aliweza kutoweka kabisa. Ukitaka mtu awemo, mwambie asimame. Jackson aliwasimamisha wengi: Wapawnee na Waomaha wa jirani na studio yake, na mwaka 1870 watu wa kambi ya Washakie, chifu wa Washoshone. Ila Yellowstone hakwenda kutafuta watu. Alitumwa kupiga picha za nchi, na nchi ndiyo waliyoiona wabunge.

Kumbe nchi ile ilikuwa na wenyewe. Watukudika, Washoshone waliowinda kondoo mwitu wa milimani, waliishi humo na pembezoni mwake, wakipanda na kushuka kwa kufuata majira. Baada ya sheria walisukumwa nje, kwenye maeneo waliyotengewa. Msimamizi wa pili wa hifadhi, Philetus Norris, alieneza maneno kwamba wenyeji waliziogopa chemchemi zile. Simbebeshi Jackson uongo wa Norris. Nasema tu kwamba uongo ule ulikuta nafasi imekwisha kuandaliwa: picha nzuri, za kweli, zisizo na mtu. Msomaji wa Tanzania analijua jambo hili bila kufafanuliwa. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 Wamaasai wakahamishiwa upande wa Ngorongoro. Anayehama na ng'ombe wake haonekani kwa jicho lililozoea kupima nchi kwa vitu visivyosogea.

Mchoraji walau hakuficha kwamba yupo. Mwaka 1873 Jackson alipanda milima ya Colorado na vioo vyake, akapiga picha ya Mlima wa Msalaba Mtakatifu, ambako theluji iliyojaa kwenye nyufa huchora msalaba. Moran alipouchora mlima huo mwaka 1875 alitia mbele yake kijito ambacho, ukisimama pale, hukioni. Watu walikipenda. Mchoro hutazamwa kwa kujua kwamba kuna mtu aliyechagua. Picha ya kamera ilionekana kama haina mchaguzi, na ndiyo maana kilichoachwa nje hakikuulizwa.

Ndiyo maana sioni brashi ya uzeeni kuwa mchezo wa mstaafu. Katika michoro ya Jackson kila kitu kinakwenda: ng'ombe wanavuta, magurudumu yanazama mtoni, nyati wanapita, vumbi linapanda. Yote ambayo kioo kibichi kilishindwa kuyashika yamerudi. Kama sanaa, nasema wazi, si michoro mikubwa. Anga ni safi mno, mikokoteni imejipanga kama ya gwaride, na shujaa ni mhamiaji kutoka mashariki. Wenyeji wako pembeni, mara nyingi kwa mbali. Mkono nao una upofu wake. Hata hivyo nikiitazama najua nani ananisimulia na amesimama upande gani, na hilo picha zake za Yellowstone hazikunipa.

Kuna msimu mmoja wa maisha yake ninaouthamini kuliko yote, nao hauna picha hata moja. Mwaka 1877 alikwenda kwenye magofu ya korongo la Chaco, New Mexico, akiwa na filamu kavu ya aina mpya badala ya vioo. Alipiga picha zipatazo 400. Aliporudi kuzisafisha, zote zilikuwa tupu. Kilichosalia ni ramani za magofu alizopima na kuchora mwenyewe, pamoja na maelezo ya njia, ikiwamo ngazi iliyochongwa kwenye ukuta wa korongo ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Ripoti ilichapishwa mwaka 1878 na watafiti wa mambo ya kale waliofika baadaye waliifuata. Hosta pia alikuwa safarini, mzee wa kijiji cha Jemez aliyemwongoza Jackson mpaka kwenye magofu hayo.