Dhamana ya Mwenye Kusifu Sinema

Mtu aliyeona jambo la ajabu hatulii mpaka amwambie mwenzake. Hii ni tabia ya wanadamu wote, wala si tabia mbaya. Furaha iliyofungiwa katika moyo wa mtu mmoja hudhoofika, ikigawanywa huongezeka. Ndiyo sababu kila Jumatatu asubuhi katika mji wa Kakamega, vijana wanaotoka Amalemba na Shirere kwenda shuleni husikika wakisimuliana sinema walizozitazama mwishoni mwa juma. Mmoja huigiza mapigano kwa mikono yake. Wa pili huiga sauti ya DJ Afro, msimulizi ambaye kwa miaka mingi amewafasiria Wakenya sinema za ng'ambo kwa Kiswahili cha mtaani na kwa vichekesho. Wa tatu humshika mwenzake begani akasema, "Hiyo usikose kuitazama." Kisha kengele hulia, na aliyelisema neno hilo hulisahau. Aliyeambiwa halisahau.

Nataka kukuuliza, msomaji wangu kijana, neno hilo lina uzito gani? Je, mtu aweza kutenda kosa kwa kumsifia mwenzake sinema?

Wengi watajibu upesi kwamba hawezi. Watasema kila jicho lina pendo lake, na kwamba anayesifu hutaja tu kilichomfurahisha. Mwenzake akichukizwa, hapana wa kulaumiwa. Hoja hii ina ukweli, walakini ukweli wake ni nusu. Kupenda hakuna hakimu, lakini kusifu ni tendo, na kila tendo lina hakimu wake. Ukipenda pilipili, hilo ni lako. Ukimtilia mwenzako pilipili katika chakula chake bila ya kumwambia, hilo si lako peke yako tena.

Fikiri juu ya kitu unachomwomba rafiki yako unapomwambia atazame sinema. Sinema ya kawaida huchukua saa moja na nusu au mbili. Kijana aliyekwisha kuteka maji, kukata majani ya ng'ombe na kumaliza masomo yake, huenda asiwe na saa nyingine za mapumziko katika juma zima ila hizo. Fedha ikipotea hutafutwa tena. Saa iliyopita haitafutwi. Basi anayesema "itazame" anakopa kitu ambacho hawezi kukilipa. Mkopaji wa namna hii yampasa kuwa mwangalifu kuliko mkopaji wa fedha.

Zamani mzigo huu haukuwa wa vijana. Kati ya mwaka 1935 na 1937 lilifanywa jaribio la kutengeneza sinema za mafunzo kwa ajili ya Waafrika. Makao yake yalikuwa Vugiri katika Tanganyika, na sinema zake zilitembezwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi nyingine za jirani. Watu walikusanyika kiwanjani usiku wakaonyeshwa kile ambacho wengine walikuwa wamekwisha kuwachagulia. Walichagua kucheka au kunyamaza tu. Leo mambo yamegeuka. Katika simu moja mna sinema nyingi kuliko awezazo mtu kuzitazama katika umri wake wote, na kijana hutafuta njia kwa kuuliza kijana mwenzake. Wewe umekuwa mteuzi wa rafiki yako, upende usipende.

Utasema serikali inao wateuzi wake. Ni kweli. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani ya mwaka 1962 iliweka msingi wa kazi hiyo katika Kenya, na bodi ya filamu huzipanga sinema katika mafungu: za watu wote, za watoto wakiwa na uangalizi wa wazazi, za waliotimiza miaka 16, na za waliotimiza miaka 18. Kazi hii yafaa, nawe yakupasa kuiheshimu. Lakini bodi hupima umri; haiwezi kupima msiba. Haijui ni nani aliyefiwa juzi, wala nani ana mgonjwa nyumbani. Wewe wajua.

Niruhusu nikueleze kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha haya. Mwaka 2019 nilitazama sinema iitwayo Supa Modo, iliyoongozwa na Mkenya Likarion Wainaina na kutolewa mwaka 2018. Inamhusu Jo, msichana mdogo mwenye maradhi yasiyopona, ambaye hupenda mno mashujaa wa sinema. Na watu wa kijijini kwao hujikusanya ili naye auonje ushujaa. Niliipenda kupita kiasi. Kesho yake nilikutana na rafiki yangu karibu na soko la Kakamega, nikamwambia, "Ndugu yangu, kuna sinema ya mtoto anayejiona shujaa. Inachekesha. Itakuondolea uchovu."

Nilijua kwamba mdogo wake wa mwisho alikuwa amelazwa hospitali, na huo ulikuwa mwezi wa pili. Nilijua, lakini labda sikukumbuka. Au nilikumbuka, nikadhani kicheko kitamfaa. Hata leo sina hakika ni lipi kati ya hayo mawili. Juu ya ugonjwa wa Jo sikumwambia kitu, kwa sababu nilishika kanuni ya wapenzi wote wa sinema, kwamba si adabu kumfichulia mtu hadithi kabla hajaiona.

Aliitazama usiku, peke yake. Hakufika katikati. Kwa siku tisa hakuja kwangu, naye si mtu wa kupitisha siku tatu bila ya kunijulia hali. Siku ya kumi alikuja. Aliketi, akapokea chai, akasema kwa upole, "Sikulaumu kwamba sinema ilinitoa machozi. Machozi nilikuwa nayo kabla yake. Nakulaumu kwamba uliniambia nitacheka."

Sikuwa na jibu. Nilitaka kujitetea kwa ile kanuni, lakini nilipoitazama vizuri niliona hainitetei. Kanuni yasema usifichue mwisho. Mimi nilikuwa nimeficha mwanzo. Ugonjwa wa Jo si siri ya hadithi ile. Ndio mlango wake, na kila aingiaye hukutana nao. Nilimwonyesha rafiki yangu nyumba kwa nje, nikaifunika mlango, nikamsukuma ndani.

Miezi kadhaa baadaye mdogo wake alipata nafuu akarudi nyumbani. Ndipo rafiki yangu alipoitazama sinema ile tena, mara hii pamoja na jamaa zake, na siku aliichagua yeye mwenyewe. Aliimaliza, akaisifu. Mwisho wake sikusemei, msomaji; utauona mwenyewe ikiwa utapenda. Nataka uone jambo hili tu: sinema ilikuwa ile ile na mtazamaji alikuwa yule yule. Mara ya kwanza alitazama bila ya kujua; mara ya pili alitazama kwa hiari yake.

Hapa ndipo ilipo tofauti kati ya siri na hali. Mwenyeji akimwongoza mgeni katika msitu wa Kakamega hamtajii kila ndege atakayemwona. Akifanya hivyo atamnyima furaha ya kuona kwa macho yake. Lakini akijua kwamba mbele kuna utelezi au pito la nyoka, humwambia kabla hajatia mguu. Kunyamaza juu ya ndege ni ukarimu. Kunyamaza juu ya nyoka ni hatari, hata kama nia ilikuwa njema.

Wako wasifuji wengine ambao nia yao ina doa. Katika sinema Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David Gitonga, kijana Mwas huuza sinema za ng'ambo kijijini, na ili apate wanunuzi huziigiza kwa maneno na vitendo mbele yao. Twacheka, nasi twampenda, maana ana kipaji. Lakini sifa za muuzaji zina bei, na mwenye busara hulijua hilo. Hatari zaidi ni sifa isiyodai fedha ila yadai heshima. Mtu husifu sinema asiyoielewa ili aonekane ana akili. Au husifu asiyoitazama, kwa sababu darasa zima linaisifu naye aona haya kubaki nje. Huyu hadanganyi juu ya sinema tu. Anadanganya juu ya nafsi yake, kisha anamtuma rafiki yake akaulipie uongo huo.

Tazama adabu ya wenye mafahali huko Khayega. Mtu akimsifu fahali wake, kesho fahali huingia uwanjani, ngoma zikalia, na macho ya umati yakapima sifa zile. Msifuji huogopa kusema zaidi ya pembe za fahali wake. Anayesifu sinema hana uwanja. Rafiki yake hutazama nyumbani, akasikitika kimya, na kwa adabu asiseme neno. Kwa kuwa hapana umati wa kumpima, yampasa ajipime mwenyewe.

Je, ni afadhali basi kunyamaza? Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika jambo hili nathubutu kusema kwamba chema pia huhitaji kutembezwa. Sinema kubwa za Marekani huja na matangazo kila mahali, ziwe njema ziwe mbaya. Sinema ya Mkenya aghalabu haina tarumbeta ila ulimi wa aliyeitazama. Kama wapenzi wake watanyamaza kwa kuogopa kukosea, kazi njema itakufa kwa ukimya. Uoga si uangalifu. Mwangalifu husema, na husema kweli.

Pia kuna deni kwa aliyeitengeneza. Mara nyingi sifa na unakili huandamana: "Lete flashi nikutilie." Ujanani mimi nami nilitia na kutiliwa, nikijiona mkarimu. Lakini nilikuwa mkarimu kwa mali ya nani? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yalinda kazi ya msanii kama vile sheria nyingine zilindavyo mahindi ya mkulima. Yeyote asemaye kwa kinywa kwamba kazi ya fulani ni tamu, na kwa mkono akamnyima ujira wake, sifa yake ina nusu ya shukrani na nusu ya wizi.

Nikuachie mashauri machache. Usisifu ambacho hukukitazama. Ukisifu, sema umependa nini na kwa nini, ili mwenzako aweze kupima kama na yeye atapenda. Linda mwisho wa hadithi, lakini usifiche mlango wake. Kabla ya kusema "itazame", mtazame kwanza huyo unayemwambia: ana furaha gani siku hizi, na ana jeraha gani? Nawe unayeambiwa, usimlaumu mwenzako kwa kuwa pendo lake si pendo lako. Mwambie kweli kwa upole, kama nilivyoambiwa mimi, maana msifuji asiyepata jibu hajifunzi.

Rafiki yangu bado huja kwangu, na bado huniuliza, "Umetazama nini siku hizi?" Kila aulizapo hivyo, kabla ya kujibu, mimi humwuliza kwanza habari za nyumbani.