Je, Upendo Waweza Kuficha Ugonjwa?

Sisi wachungaji hupenda kusifu uvumilivu wa akina mama. Tunausifu misibani, kwenye jubilei za ndoa na kwenye semina za wanawake, na mara nyingi hatuulizi uvumilivu huo unamla nani. Miaka michache iliyopita, katika semina ya namna hiyo wilayani Biharamulo, tulimsifu mama mmoja wa usharika wetu. Hatukutaja jina, lakini kila mtu alijua tunamsema nani. Alikuwa ameketi safu ya pili, na wenzake wakampigia vigelegele. Maneno yale leo tungeyarudisha kama tungeweza.

Mumewe amevuka miaka sabini na ana kisukari. Kliniki yake ni kila mwezi, siku ya Jumanne. Anayeishi jirani na hospitali huona hilo ni jambo dogo. Kwa hawa wawili siku hiyo huanza saa tisa usiku. Kipimo cha sukari chataka mtu ambaye hajala, kwa hiyo mama huamka kupika uji usio na sukari, akautia kwenye chupa ya chai na kuifunga kwa kitenge, ili mzee akishatolewa damu anywe kabla miguu haijaanza kutetemeka. Hupanda pikipiki mpaka barabara kuu, mzee katikati na mama nyuma akimshikilia. Kisha ni gari la abiria, na baada ya hapo benchi. Ukutani kuna bango la kuwataka wahudumu wawatangulize wazee. Ni bango zuri, ila siku ya kliniki ya kisukari karibu kila aliyeketi kwenye benchi lile ni mzee.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema kwamba mzee wa miaka sitini na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure. Tunaishukuru serikali kwa hilo, na wapo wazee wengi ambao bila msamaha huo tungekuwa tumekwisha wazika. Lakini msamaha ni wa dirishani. Pikipiki hauilipi, wala dawa ambayo siku hiyo imekwisha ikabidi kununuliwa dukani. Na macho ya mzee yalipoanza kufifia, akaandikiwa kwenda Bugando, Mwanza, ikawa safari ya kupita Geita na Sengerema. Wakati huo Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lilikuwa bado linajengwa, nao wakasubiri kivuko. Watoto walichanga. Mbuzi wawili pia walichanga, kama mama alivyosema akicheka.

Hayo yote tuliyajua, na ndiyo tuliyoyasifu. Tusilolijua ni kwamba mama naye alikuwa na daftari la kliniki. Alikuwa na presha, na siku yake ilikuwa Alhamisi. Kwa juma moja nauli ilitakiwa mara mbili, tena Jumanne ni nauli ya watu wawili, maana mzee haoni vizuri na hawezi kwenda peke yake. Mama akapiga hesabu zake jikoni. Akamwambia mumewe kwamba daktari ameona hali yake ni nzuri na amempumzisha. Daftari akaliweka chini ya sanduku la nguo. Dawa zilipokwisha hakufuata nyingine.

Ikawa hivyo kwa miezi minane. Siku ya vigelegele ilikuwa ndani ya miezi hiyo.

Asubuhi moja alianguka njiani akitoka chemchemini. Majirani walimkuta mdomo umekwenda upande na mkono wa kushoto umelegea. Mdomo ulirudi baada ya siku chache, ila mkono haujarudi vema mpaka leo. Kidole chake hakiwezi kufunga kitenge kwenye chupa ya chai.

Tulipokwenda kuwaombea, tulitegemea kumkuta mzee mwenye majonzi. Tulimkuta mzee mwenye hasira. Daftari lilikuwa mezani. Binti yao alikuwa amelipata akitafuta nguo za hospitali. Mzee alisema, "Baba Mchungaji, huyu amenidhulumu. Amenifanya mgonjwa peke yangu humu ndani. Mimi ni mume wake, hakunipa zamu."

Mama, kwa sauti ambayo ilikuwa bado nzito, akajibu, "Mzee wangu, ningekuambia, ungeacha kwenda wewe."

Mzee akanyamaza. Alijua ni kweli. Nasi tuliokuja na Biblia na mafuta tukanyamaza, kwa sababu kila mmoja alikuwa amesema jambo ambalo hatukuweza kulikanusha.

Tangu siku ile tumelichukua swali hili kwenye vikao vyetu vya wachungaji na wainjilisti. Je, upendo waweza kuficha ugonjwa? Wengine walisema mara moja kwamba uongo ni uongo. Jibu hilo ni rahisi kwa mtu ambaye hajawahi kushika nauli ya mtu mmoja huku wagonjwa ni wawili. Wengine walisema mama yule alichukua msalaba wake. Sisi tuliwahi kusema hivyo pia. Lakini mapokeo yetu ya Kilutheri yana tahadhari hapo. Luther alipigana sana na kazi njema za kujichagulia, zile ambazo mtu hujitwika ili aonekane amejitoa, huku Mungu hakumwagiza. Mama hakutafuta kuonekana, alificha. Ila sisi tulikuwa tumeandaa mahali ambapo kujificha kwake kungepigiwa vigelegele, na hilo si deni lake.

Luther mwenyewe si shahidi safi katika jambo hili. Alimwoa Katharina von Bora mwaka 1525, na mke huyo alimuuguza katika maradhi mengi, yakiwamo mawe ya figo yaliyokaribia kumuua mwaka 1537. Februari 1546, akiwa safarini Eisleben, alimwandikia akimtania kwa kuwa na wasiwasi mno, amwachie Mungu kazi hiyo. Siku chache baadaye, tarehe 18, alifariki hukohuko. Tumewahi kuzitumia barua hizo kuwafundisha wake wa wagonjwa wasihangaike. Lakini barua za Katharina kwa mumewe hazikuhifadhiwa hata moja. Tunasoma majibu ya mgonjwa, na sauti ya aliyemuuguza hatunayo.

Tumerudi basi kwa Paulo, sura ya sita ya Wagalatia. Wasomaji wanakumbuka kwamba pale kuna amri ya kubebeana mizigo, na mistari michache mbele kuna neno kwamba kila mtu atalibeba furushi lake. Wengi huona kama Paulo amejipinga. Kigiriki chake kina maneno mawili tofauti: moja ni uzito unaomwelemea mtu, jingine ni mzigo wa kawaida wa msafiri. Kwa watu wa Ngara hilo halihitaji kamusi. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaja kujaa Benaco. Wazee wetu hawa wawili walikuwa wakiishi Ngara wakati huo, kabla ya kuhamia Biharamulo kutafuta shamba. Mama hukumbuka jambo moja zaidi ya mengine: namna watu na wake zao walivyokuwa wakisimama barabarani na kubadilishana, huyu achukue mtoto, yule achukue beseni, kisha waendelee. Aliyekataa kubadilishana, anasema, ndiye waliyemkuta ameketi kando ya njia.

Lugha yetu imelihifadhi hilo ndani ya kitenzi. Biblia yetu ya Kiswahili inasema *mchukuliane*. Hakuna mtu awezaye kuchukuliana peke yake, kama asivyoweza kusalimiana peke yake. Mtu akimchukulia mwenzake mzigo na kumficha wa kwake, amechukua, na huenda amechukua kwa upendo mkubwa kuliko wetu. Lakini amri imebaki nusu, na nusu iliyobaki ni ya yule mwingine, aliyenyimwa. Ndiyo maana tunadhani neno la mzee, "hakunipa zamu", lilikuwa la kiroho kuliko mahubiri yetu.

Hata hivyo hatuwezi kusahau jibu la mama. Mzee angeacha kwenda, naye angekuwa ameficha kwa zamu yake. Kusema kweli nyumbani kwataka pia mtu wa kuisikia asiyeigeuza kuwa ushindani wa nani afe kwanza kwa ajili ya mwenzake. Na nauli hailetwi na ukweli. Usharika ambao unawaambia wazee wasifichane, kisha hauchangii pikipiki, umewaongezea mzigo.

Kwa hiyo tulifanya jambo dogo, ambalo tulipaswa kulifanya zamani. Mwinjilisti alikwenda hospitalini kuuliza kama wawili hao wanaweza kuonwa siku moja. Muuguzi aliyekuwa zamu alishangaa kwamba hakuna mtu aliyewahi kuuliza. Alichukua kalamu, akafuta Alhamisi kwenye daftari la mama, akaandika Jumanne.

Siku hizi ni mzee anayepika uji. Majirani walisema mwanzoni, kwa kuwa mwanamume wa umri ule kuonekana jikoni si desturi ya huku. Macho yake hayaoni vizuri moto, basi mama huketi kando akimwelekeza lini akoroge, lini apunguze kuni. Ukiungua, huunywa hivyohivyo. Chupa huifunga pamoja, yeye akishika ncha moja ya kitenge na mama ncha nyingine kwa mkono wake wa kulia. Juzi, nauli ilipopungua tena, waliketi wakabishana kwa sauti mpaka jirani akasikia, kisha wakatuma mjukuu kutuita.