Kwetu ni Wapi? Kwa Kijana Anayeishi Ugenini



Wiki hii nataka tutafakari swali la dada mmoja wa kwetu ambaye ni muuguzi Ujerumani. Huu ni mwaka wake wa saba. Lugha anaijua, kazi anaipenda, na parokiani kwake huko anasoma masomo Jumapili. Sasa ametimiza masharti ya kuomba uraia. Ujerumani haimwambii auache wa Tanzania, ila sheria yetu ndiyo inayomwambia: mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, wa Tanzania anaupoteza. Mama yake amemwambia kwenye simu, "Basi umetuacha." Naye akaniuliza: "Frateri, nikisaini hizo karatasi, nitakuwa nimekosa? Halafu, kweli nitakuja kujisikia nyumbani huku, au nitakuwa mgeni mpaka nife?"

Hayo ni maswali mawili, nami naanza na la pili kwa sababu likikaa sawa, la kwanza linakuwa jepesi.

Hebu tusikilize kwanza lugha yetu. Mtu amekaa Dar miaka thelathini, ana nyumba Kimara, watoto wote wamezaliwa Muhimbili. Muulize, "Kwenu wapi?" Atakujibu Bukoba, au Moshi, au Songea. Akifariki, ndugu wanachanga pesa, mwili unasafirishwa. Kwetu ni pale kitovu kilipozikwa na babu alipolala. Na anayeonekana kupasahau tunamtupia methali yetu kali: mwacha asili ni mtumwa.

Lakini angalieni jambo moja dogo. Nikisema "kwangu", namaanisha nyumba yangu, chumba changu, mlango ninaoufunga kwa kufuli. Nikitaka kutaja mahali ninapotoka, nasema "kwetu". Hata mtoto wa pekee, hata yatima asiye na ndugu hata mmoja, anasema kwetu. Yaani mababu waliotuachia Kiswahili walijua kitu: nyumba unaweza kuwa nayo peke yako, ila kwenu huwezi kuwa nako peke yako. Lazima awepo mwingine wa kusema "kwetu" pamoja nawe.

Basi swali la dada yetu linageuka kidogo. Badala ya kuuliza "Je, najisikia nyumbani?", aulize "Je, kuna watu huku ambao wanaposema kwetu, na mimi nimo?"

Tuliosoma falsafa tunamjua Aristotle. Ndiye aliyefundisha kwamba binadamu kwa asili yake ni kiumbe wa kuishi katika jumuiya ya kisiasa, na katika kitabu chake cha Siasa alichambua kwa makini raia ni nani. Ila watu wengi hawajui kwamba yeye mwenyewe hakuwa raia wa Athene. Alizaliwa Stagira, kaskazini, na pale Athene aliishi kama mkazi mgeni. Alisoma hapo kwa Plato takribani miaka ishirini, baadaye akarudi akafungua shule yake, lakini hakuwa na haki ya kupiga kura wala ya kumiliki ardhi kama raia. Mwaka 323 kabla ya Kristo, Aleksanda Mkuu alipokufa na chuki dhidi ya Wamakedonia ikapanda, ilimbidi aondoke. Mwaka uliofuata akafia Khalkis. Mtu aliyewaeleza Waathene maana ya uraia, Athene haikumhesabu kuwa wake.

Kwa hiyo tusidharau karatasi. Kuna watu wacha Mungu wanaosema, "Uraia ni makaratasi tu, cha muhimu ni moyo." Mwambie hivyo mtu aliyewahi kukosa hayo makaratasi! Tunao majirani wa kutufundisha. Mwaka 1972 maelfu ya Warundi walikimbia mauaji kwao wakaingia Tanzania. Wakapewa ardhi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walifyeka pori, wakalima, wakajenga makanisa. Watoto wakazaliwa, wajukuu wakazaliwa, wengi wao Burundi hawajawahi kuiona hata kwa siku moja. Ila kwa sheria walikuwa wakimbizi. Ulifika mwaka 2010 ndipo zaidi ya watu 160,000 kati yao walipokubaliwa kuwa raia, na vyeti vyao vikaanza kutolewa mwaka 2014. Hesabu mwenyewe: kutoka 1972 hadi 2014 ni miaka 42. Ni muda sawa na ule wa Waisraeli jangwani, na miwili ya ziada.

Hawa walikuwa na kwao mioyoni kabla ya kuwa nako kwenye karatasi. Na wapo wenye kinyume chake: pasipoti mpya iko mfukoni, moyo haujatua popote. Karatasi inakupa haki ya kukaa, nayo ni kubwa. Haiwezi kukupa mtu wa kukugongea mlango ukiumwa.

Sasa twende ziwani Tanganyika, hadi Karema, mkoa uleule wa Katavi zilimo Katumba na Mishamo. Hapo aliishi Adrian Atiman. Alizaliwa mbali sana, karibu na mto Niger, katika nchi inayoitwa leo Mali. Akiwa mtoto alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara kama mtumwa. Huko Algeria Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers, wakamkomboa. Akabatizwa, akasomea utabibu Malta, kisha akatumwa huku kwetu. Alifika Karema mwaka 1889 akiwa katekista na tabibu. Akaoa mwanamke wa hapohapo, wa kabila la Wabende. Mtoto wake akawa padre. Atiman alitibu watu na kufundisha dini mpaka alipofariki, hukohuko Karema, mwaka 1956. Miaka 67!

Ile methali yetu inasema mwacha asili ni mtumwa. Atiman hakuiacha asili yake, alinyang'anywa, na ni kweli akafanywa mtumwa. Angeweza kuishi maisha yake yote kama mtu aliyeng'olewa mizizi, na hakuna ambaye angemlaumu. Nini kilimfanya Karema pawe kwao? Sheria haikuwa sababu, maana nchi ile ilitawaliwa na Wajerumani, kisha Waingereza, wala hakuna aliyemwita raia. Sura ya nchi pia haikuwa sababu. Nadhani ni hili: aliwahitaji watu wale na wao wakamhitaji. Ukishamshika mtu mkono usiku kucha akiwa na homa, ninyi wawili hamwezi tena kuwa wageni kwa namna ileile.

Maandiko yanatuonyesha njia hiyohiyo. Fungua kitabu cha Ruthu, kina sura nne tu, unaweza kukimaliza kwenye daladala. Tunayapenda maneno yake kwa Naomi, tunayaweka hata kwenye kadi za harusi: watu wako, Mungu wako. Ila wengi tunaishia hapo. Ruthu aliendelea mpaka kaburini: alisema mahali atakapofia Naomi ndipo naye atakapofia na kuzikwa (Rut 1:17). Mwafrika anayelisoma hilo anaelewa uzito wake haraka kuliko mtu yeyote.

Baada ya kiapo, anakwenda shambani kuokota masazo ya mavuno. Hakungoja kwanza ajisikie nyumbani ndipo afanye kazi. Aliinama akaokota masuke, na kupitia masuke hayo akajulikana.

Jambo lililonigusa zaidi nilipokisoma tena ni hili: Boazi anapotangaza mbele ya wazee langoni kwamba anamwoa, bado anamwita Ruthu Mmoabi (Rut 4:10). Hata siku ya kupokelewa rasmi, jina la alikotoka halikufutwa. Na mtoto alipozaliwa, majirani wanawake ndio waliompa jina, Obedi. Huyo ndiye babu yake Daudi, na Mathayo anamtaja Ruthu kwa jina katika ukoo wa Bwana wetu (Mt 1:5). Mungu hakusubiri Ruthu aache kuwa Mmoabi ili aingie katika nasaba ya Mwokozi. Aliingia akiwa Mmoabi wa Bethlehemu.

Dada yangu, hapo ndipo jibu lako lilipo. Unaweza kuwa na kwenu Ujerumani, kweli kabisa, bila kuigeuza Tanzania kuwa uongo. Ila usitegemee kwamba ile hali ya ugeni itaisha yote. Kuna wimbo utakaousikia ukalia na hakuna hata mmoja mezani atakayejua kwa nini. Kuna utani hautauelewa hata ukizeeka huko. Hicho kidonda kidogo hakimaanishi umeshindwa. Mtume Paulo anatukumbusha kwamba wenyeji wetu wa mwisho uko mbinguni (Flp 3:20), na barua kwa Waebrania inasema mababu wa imani walikiri kuwa wageni na wasafiri duniani (Ebr 11:13). Hata mimi niliyeko hapa, nikiamka asubuhi kwa kelele za majogoo ninaowajua, kuna kitu ndani yangu hakijafika. Mtu wa ugenini anakisikia mapema na kwa sauti zaidi, basi.

Ila naomba tusitumie mbingu kukwepa dunia. Wapo wanaosema, "Sisi hapa ni wapita njia," halafu jirani hawamjui, ujirani haujengwi, takataka zinatupwa popote. Nabii Yeremia aliwaandikia waliokuwa uhamishoni Babeli, na kumbuka Babeli ilikuwa nchi ya adui. Manabii wa uongo walikuwa wanawaambia wasifungue mizigo, wanarudi karibuni. Yeremia akawaambia kinyume: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni na kuozesha, utafuteni usalama wa mji ule na kuuombea, maana ukistawi nanyi mtastawi (Yer 29:5-7). Fungua begi, dada. Miaka saba ya kuishi na begi nusu limefungwa inachosha roho.

Na swali la kwanza, la kusaini? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2241, inazitaka nchi zenye uwezo zimpokee mgeni kadiri ziwezavyo, na mgeni naye inamtaka aheshimu urithi wa nchi iliyompokea, atii sheria zake na abebe mizigo pamoja na wenyeji. Hakuna mahali inaposema kubadili uraia kwa nia njema ni dhambi. Dhambi ingekuwa kuwatupa wazazi, kuona aibu ya wadogo zako, kujifanya hujui Kiswahili ukija likizo. Amri ya nne haina mpaka wa uhamiaji. Usisaini kwa hasira, usisaini kwa siri. Mweleze mama kwanza, tena uso kwa uso ukiweza, umsikilize mpaka amalize kulia. Anaogopa kwamba hutazikwa karibu naye. Hofu hiyo ni upendo, usiijibu kwa vifungu vya sheria.

Mimi mwenyewe nipo katika shirika la kimisionari. Siku moja nitapewa barua yenye jina la nchi ambayo sikuichagua. Kwa hiyo ninayokuandikia, najiandikia na mimi.

Sasa nigeuke kwetu sisi tuliobaki, maana tusije tukadhani somo hili ni la walioko ughaibuni tu. Kama "kwetu" inahitaji mwingine, basi kuna mtu leo hawezi kusema kwetu kwa sababu yangu. Katika jumuiya yako ndogo ndogo kuna familia ya Kongo au ya Burundi? Mnawaita kwa majina yao, au "wale wakimbizi"? Kwenye VIWAWA, yule kijana wa lafudhi tofauti amewahi kupewa somo asome, au anachekwa akitamka "r"?

Tuna methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida tunaisema kwa kejeli, kumfukuza mgeni mvivu. Mimi naisikia kama neno la ukarimu. Anayepewa chai kila siku anabaki mgeni. Anayepewa jembe ameambiwa: shamba hili ni letu, shika upande huu. Huko ndiko kumkaribisha kweli.

Na kila Misa inatufundisha hivyo. Sala ya Bwana haianzi na "Baba yangu". Ukiweza kusema "Baba yetu" na mtu aliyesimama pembeni yako, huwezi kukataa kusema naye "kwetu".

Kazi ya wiki hii: mtafute mgeni mmoja parokiani, usimpe msaada, mpe kazi. Kwenye kwaya, kwenye usafi, kwenye ratiba ya masomo. Nawe uliye mbali, mgongee jirani mmoja mlango, umwombe kitu kidogo, hata chumvi. Kuhitaji ni mwanzo wa kuwa na kwenu.

Tusali: Ee Bwana Yesu, wewe ulikimbizwa Misri ukiwa mchanga, na hukuwa na mahali pa kulaza kichwa. Uwafariji walio mbali na mama zao usiku huu. Uwape watu wa kusema nao "kwetu". Utufungue mikono sisi wenyeji, na mwisho wa safari utukusanye sote nyumbani kwa Baba. Amina.

Mtakatifu Yosefina Bakhita, uliyezaliwa Sudan na kufia Italia, utuombee.

Wiki njema, na Mungu awabariki.