Haki ya Jirani katika Spika za Sebuleni

Twaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu. Himdi zote ni zake, aliyetupa masikio bila ya kumuomba, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kulla aliyewafuata kwa wema.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, khabari tuliyoikusudia katika waraka huu ni ndogo kwa kuitazama, na ni kubwa kwa hisabu yake kesho Akhera. Nayo ni khabari ya spika ambazo watu wa zamani hizi huzitia katika sebule zao: sabufa moja chini, na spika ndogo mbili au tano zimeizunguka televisheni na makochi, hata mwenye nyumba akaona kana kwamba mvua inyeshayo katika picha yamnyeshea yeye kichwani. Je, kuweka vyombo hivi ni haramu? La, hatusemi hivyo. Asili ya vitu ni halali illa kilichokatazwa. Na katika khabari ya nyimbo na ala, wanavyuoni wamekhitalifiana na maneno yao ni marefu, hatukuyakusudia hapa. Tulilolikusudia ni moja tu: sauti uliyoinunua kwa mali yako ni yako hata ikomee kwenye ukuta wako. Ikivuka ukuta imeingia katika haki ya mwenzio, nawe utaulizwa.

Pwani yetu haikuanza leo kusikiliza vyombo. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hata Bombay kutiwa sauti yake katika santuri, na santuri zile zikaenea mwambao. Mwaka 1951 ikaanza Sauti ya Dar es Salaam, na watu wakakusanyika penye redio moja. Lakini tazama tofauti. Zamani zile chombo kilikuwa kimoja na masikio mengi, na kulla aliyesikia alikwenda kwa miguu yake mwenyewe akaketi barazani. Leo kulla nyumba ina chombo chake, na sauti ndiyo iendayo kwa jirani, wala haibishi hodi.

Maneno haya twawakhusu zaidi ndugu zetu wa Pwani waliokwenda kukaa Mbeya na Iringa, kwa biashara, au kwa kazi za serikali na za reli. Na sababu zake ni mbili.

Sababu ya kwanza ni tabia ya nchi. Kwetu ni joto. Madirisha huwa wazi, wanaume huketi nje, na upepo wa bahari huichukua sauti. Kule ni milimani. Mji wa Mbeya wafikia mita 1,700 juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi yake hushuka chini ya nyuzi 10. Watu hufunga milango mapema, na sebule ndiyo baraza yao. Tena nyumba nyingi za kupanga, katika mitaa kama Mwanjelwa ya Mbeya na Kihesa ya Iringa, ni za matofali ya kuchoma, chumba kwa chumba, ukuta mmoja kwa watu wawili. Na pengine ukuta ule huishia kwenye dari wala haukufika kwenye bati, hata sauti ikapanda, ikapita juu, ikashuka chumba cha pili.

Sababu ya pili ni kwamba sisi kule ni wageni. Wengi wa wenyeji, Wasafwa na Wanyakyusa upande wa Mbeya na Wahehe upande wa Iringa, ni Wakristo. Wahenga wamesema, mgeni ni kuku mweupe. Alifanyalo lote laonekana. Jirani yako huyo hakusoma vitabu vyetu; kitabu chake katika khabari ya Uislamu ni wewe. Ikiwa alijualo juu yako ni mtikiso wa ukuta saa sita za usiku, na mtoto wake amelala kwa homa, atasema hiyo ndiyo dini yao. Na ni nani atakayemlaumu?

Wala mtu asidhani kwamba haki ya jirani ni kwa Mwislamu peke yake. Mwenyezi Mungu katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 36, ametuamrisha kumfanyia wema jirani wa karibu na jirani wa mbali, wala hakutaja dini yao. Na Mtume, sala na salamu zimshukie, ametupa khabari kwamba Jibrili hakuacha kumuusia juu ya jirani hata akadhani kwamba atamrithisha. Na Abdullah bin Amr, radhi za Mungu zimshukie, alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza kama jirani yake Myahudi amekwisha kupelekewa nyama. Basi ikiwa masahaba walikhofu jirani asikose nafuu yao, sisi tutakuwaje na jirani asiyepata kwetu illa dhara?

Atasema mtu, "Nyumba ni yangu, kodi nimelipa, na chombo ni changu." Nasi twamjibu kwa kitabu ambacho wanafunzi wa Pwani wamekisoma mbele ya mashekhe zao, nacho ni Minhaji ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Imamu ametaja humo kwamba kulla mtu hutumia milki yake kwa kadiri ya ada, na akipita mpaka atadhamini alichokiharibu. Kisha akaeleza kwamba mtu aweza kuifanya nyumba yake iliyo baina ya nyumba za watu kuwa hamamu au zizi, na duka lake kuwa la mhunzi. Lakini kwa sharti. Na sharti yenyewe ni kwamba ajihadhari na kuziimarisha kuta. Izingatieni sharti hiyo, ndugu zangu. Sheria haikumkataza mhunzi kazi yake, na nyundo ni riziki yake, lakini ilimtaka ihtiyati kwanza. Basi mwenye spika, ambaye nyundo yake ni ya tafrija wala si ya riziki, yeye ni wa kwanza kutakiwa ihtiyati.

Na ihtiyati hiyo haifahamiki illa kwa kuijua sauti yenyewe. Spika ni koni nyepesi isukumwayo na waya uliozungushwa penye sumaku. Namna hiyo waliitoa Rice na Kellogg wa Marekani mwaka 1925, na hata leo nyingi ni hivyo. Sauti nyembamba, kama herufi za maneno, hupungua upesi ikikutana na tofali. Lakini sauti nene za sabufa mambo yake ni mbali. Sauti yenye mitikiso 40 katika sekunde moja, urefu wa wimbi lake wapita mita 8, ni mrefu kuliko sebule yenyewe. Ukuta hautoshi kuizuia, bali hutikisika pamoja nayo na kuipeleka upande wa pili. Hapa ndipo ulipo udhalimu. Wewe wasikia maneno na maana yake, na jirani hasikii illa vishindo. Wewe umepata starehe yote, naye amepata taabu yake tupu.

Basi la kwanza, ziweke spika zako mahali pake. Spika mbili za mbele na mahali pako pa kuketi ziwe pembe tatu zilizo sawa, masafa ya spika na spika sawa na masafa ya spika na wewe, na vinywa vyake viwe kimo cha masikio yako uketipo. Ile ya maneno iwe katikati, chini ya televisheni au juu yake. Zile za nyuma, ikiwa unazo, ziwe ubavuni mwako zikirudi nyuma kidogo. Faida yake ni kwamba kilichowekwa sawa husikika vizuri kwa sauti ndogo. Tena usogee karibu: mahali pa wazi, ukipunguza masafa nusu, robo ya nguvu ya kwanza yakutosha. Watu wengi huongeza sauti kwa kuwa wameketi mbali, na spika wamezitupa juu ya kabati zikitazama dari.

La pili ni sabufa. Usiitie pembeni mwa chumba, kwani pembe huikuza sauti nene. Wala usiiegemeze kwenye ukuta wa shirika. Wala usiiweke juu ya sakafu tupu, bali uitilie chini kipande cha mpira au sponji nene. Kisha upunguze besi, na usiku uifunge kabisa. Maneno hayahitaji sabufa. Mtu aweza kusikiliza khabari na mawaidha pasina ukuta kulia.

La tatu ni chumba chenyewe. Sakafu ya saruji na kuta tupu huirudisha sauti, maneno yakachanganyika, na mtu akazidi kuongeza. Tandika zulia, tundika pazia nzito. Maneno yatakuwa safi. Lakini usijidanganye ukasema, "Nimetia pazia, jirani amesalimika." Pazia hupunguza mwangwi wa ndani, sauti nene haizuiliki nayo. Dawa yake ni kuipunguza.

La nne ni kipimo. Shirika la Afya la Dunia, mwaka 1999, lilikadiria kwamba mtu apate usingizi mwema, kelele ya mfululizo chumbani mwake isipite desibeli 30, nayo ni kiasi cha mnong'ono. Wala huna haja ya kununua chombo cha kupimia. Washa spika zako kama kawaida yako, ufunge mlango, utoke nje, usimame penye dirisha la jirani, usikilize. Kisha ufanye lililo bora kuliko hilo: mwendee, umuamkie, umuulize, "Je, sauti yangu yakufikia?" Swali hilo moja ni sadaka, na huondoa chuki ya miaka.

Atasema mwengine, "Mimi sipigi nyimbo, mimi nafungua Kurani Tukufu na mawaidha, na kheri haizuiliwi." Ndugu yangu, neno hili lahitaji taratibu, kwani nia yako ni njema. Lakini katika Sura ya Al-Israa, aya ya 110, Mwenyezi Mungu amemfundisha Mtume wake njia ya katikati katika sala, baina ya kupaza na kuficha. Na imepokewa kwamba Mtume, sala na salamu zimshukie, alikuwa katika itikafu msikitini akawasikia watu wanasoma kwa sauti. Akafunua pazia, akawaambia kwamba kulla mmoja anazungumza na Mola wake, basi wasiudhiane, wala wasipandishiane sauti katika kusoma. Hao walikuwa masahaba, na kisomo chao ni Kurani, na mahali pao ni msikiti. Na juu ya hayo walikatazwa. Basi wewe mwenye sabufa utakuwa na hoja gani?

Tena katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 204, tumeamrishwa kwamba Kurani isomwapo tuisikilize na kunyamaza. Wewe ukiipeleka kwa nguvu ndani ya nyumba ya mtu apikaye, auguaye, agombaye na mkewe, umeyatia maneno matukufu mahali ambapo hayasikilizwi. Wewe ndiwe uliyeyavunjia heshima, si yeye.

Na wa tatu atasema, "Mwaka wa pili huu, jirani hakuniambia kitu." Huyo asikie kisa cha Imamu Abu Hanifa. Yasimuliwa kwamba alikuwa na jirani mshona viatu, kulla usiku akilewa akiimba, na Imamu akisali akimsikia, naye akistahimili. Usiku mmoja sauti haikusikika. Imamu akauliza, akaambiwa kwamba askari wamemkamata. Asubuhi akaenda kwa amiri kumuombea, akafunguliwa. Na yule mtu akatubu kwa kuona wema ule. Katika kisa hiki yule aliyenyamaza hakuwa ameridhika; alikuwa amesubiri. Nyamazo la jirani si idhini. Huenda akakuogopa, huenda akakustahi, huenda akawa ni mama mjane asiyeweza kubisha mlango wa mwanamume. Na ujira wa subira yake ni wake, na dhambi ya maudhi ni yako.

Dola nayo imeliona jambo hili. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015. Lakini ni aibu kwa Mwislamu kungojea kushitakiwa ndipo apunguze, hali amekwisha kuambiwa na Mtume wake kwamba haamini kwa imani iliyokamilika yule ambaye jirani yake hasalimiki na shari yake.

Basi enyi ndugu zetu mlioko Mbeya na Iringa, na nyinyi mlioko mwambao pia, stareheni kwa mlichoruzukiwa pamoja na watu wa nyumba zenu, kwani kumfurahisha mke na watoto ni jambo jema. Iwekeni sauti yenu sawa, muisogelee, muipunguze, na saa za kulala muinyamazishe. Na mwenye kupanga nyumba mpya, kabla hajauliza sebule yatosha spika ngapi, aulize kwanza ni nani alalaye nyuma ya ukuta.

Ewe Mola wetu, uyahifadhi masikio yetu na yasiyokuridhisha, na uwahifadhi majirani zetu na maudhi yetu. Utujaalie tuwe wageni wasiochosha katika nchi za watu, na utusamehe sisi na wazee wetu na Waislamu wote. Amin.